Matundu ya Bibi, Mshono wa Babu

Bibi niliyekuwa nikimtunza Al Twar, Dubai, alikuwa na miaka sabini na sita na hakukipenda Kiswahili changu. Yeye alizaliwa Unguja, mimi Kitale. Siku ya kwanza nilipomwambia, "Bibi, chakula iko tayari," aliweka tasbihi yake mezani akanitazama kama mtu aliyepewa chai ya chumvi.

"Chakula iko," alisema polepole. "Iko wapi? Imekimbia?"

Ndivyo tulivyoanza. Kabla ya hapo nilikuwa nikitandika vitanda katika hoteli moja ya Al Garhoud, karibu na uwanja wa ndege, vyumba kumi na sita kwa siku, na sikuwahi kuijua sura ya mgeni hata mmoja. Kisha dada mmoja wa kanisani akaniambia kuna familia ya Kizanzibari inatafuta mwanamke anayejua Kiswahili, akae na mama yao mchana wakati binti na mumewe wako kazini. Binti huyo ndiye niliyemwita madam. Niliacha vitanda kumi na sita nikachukua kimoja.

Miaka ile Dubai yote ilikuwa inachimbwa. Walikuwa wakijenga daraja jipya la Garhoud, nguzo za treni zinaota katikati ya barabara, na kila tulipopita na gari Bibi aliuliza kama wenyewe wamepoteza kitu. Kazi yangu ilikuwa nyepesi. Nilimpikia uji, nilimkanda miguu, nilimsomea tarehe za kwisha kwenye makopo, na Ijumaa nilipumzika nikaenda kanisani, halafu kwa rafiki zangu International City tukapika ugali na sukuma wiki. Jumamosi nilirudi kusahihishwa ngeli.

Kilichonitia wasiwasi kwanza ni barafu. Bibi alikuwa akitafuna vipande vya barafu tangu asubuhi, kru, kru, kru, kama mtoto aliyepewa karanga. Nilidhani ni joto. Kisha nikaona kwamba akipanda ngazi husimama katikati na kujifanya anatazama picha ya Kaaba iliyokuwa ukutani. Picha ileile, kila siku, muda mrefu. Na asubuhi moja alisahau kuvuta maji chooni, nikaona damu.

"Bawasiri," alisema kabla sijafungua mdomo. "Ninayo tangu nizae. Na ole wako umwambie mtu."

Nilivumilia siku mbili. Ya tatu nikamwambia madam jikoni, akiwa bado ameshika funguo za gari. Bibi alipojua, aliacha kusema na mimi kwa siku nne. Aliposhikwa na kiu alikuwa akiuambia ukuta: "Mwambieni huyo mmbeya alete maji." Na nyumbani tulikuwa sisi wawili tu.

Walimpima damu wakakuta imepungua sana. Kumbe hata ule uchu wa barafu unaweza kuletwa na kupungua kwa damu, jambo ambalo sikulijua. Wakamwingiza kamera ya kuangalia utumbo, na wiki moja baadaye tukaitwa kwa daktari mpasuaji.

Alikuwa Mhindi mwembamba mwenye sauti ya chini. Nilimpenda kwa jambo moja: alizungumza akimtazama Bibi, ingawa Bibi hakujua Kiingereza zaidi ya "tenkyu" na "no sugar". Alizungumza dakika tano nzima. Akamaliza, akamwachia madam nafasi atafsiri.

"Anasema ni kijiuvimbe tu, mama," madam alisema. "Watakitoa."

Bibi alimtazama binti yake, akamtazama daktari, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa pembeni na mkoba wake mapajani.

"Huyu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe mmbeya, sema alichosema."

Nikamtazama madam. Alifumba macho akaitikia kwa kichwa.

"Amesema ni saratani, Bibi. Iko kwa matumbo."

"Matumbo ni ya ng'ombe. Mie nina utumbo."

"Kwenye utumbo mpana, upande wa kushoto. Haijaonekana mahali pengine. Inaweza kutolewa yote."

Bibi alilitengeneza buibui lake begani. "Haya," alisema. "Ataitoa vipi?"

Daktari alichukua karatasi akachora tumbo la mtu mara mbili, mviringo kama yai. Kwenye yai la kwanza alipiga mstari mrefu kutoka juu ya kitovu hadi chini yake. Kwenye la pili aliweka nukta nne na kistari kifupi. Nikawa natafsiri sentensi kwa sentensi, jasho likinitoka ndani ya kiyoyozi.

Ya mstari mrefu, alisema, ndiyo njia ya zamani. Anafungua tumbo, anaona kwa macho yake, anashika kwa mikono yake, na kwa kawaida anamaliza mapema. Lakini kidonda ni kirefu, kinauma, na mgonjwa huchelewa kuamka kitandani. Ya nukta ni matundu. Kwanza tumbo linajazwa hewa liinuke kama hema. Tundu moja linapitisha kamera, mengine yanapitisha vyuma virefu vyembamba, naye anafanya kazi akitazama kwenye televisheni. Mwisho anakata sehemu fupi tu ya kutolea kipande cha utumbo. Uchungu unapungua, lakini mgonjwa hulala kwenye dawa ya usingizi muda mrefu zaidi, wakati mwingine kichwa kikiwa chini kuliko miguu, na moyo na mapafu lazima viweze kuhimili.

"Na nikiingia kwa matundu nikaona njia haipitiki," alisema, "nitafungua. Nikifungua msiseme nimeshindwa. Nitakuwa nimechagua usalama wake."

Madam aliuliza swali ambalo hata mimi lilikuwa limenikaa kooni. "Lakini kwa umri wake, daktari? Hayo matundu si mambo ya vijana?"

"Nami nilidhani hivyo nilipoanza," alisema. "Siku hizi naona pengine mzee ndiye anayeyahitaji zaidi. Kijana hata umlaze wiki mbili ataamka aende zake. Mzee akilala sana, kifua kinajaa, damu inaganda miguuni, akili inapotea njia. Lakini siangalii mwaka aliozaliwa. Naangalia moyo, mapafu na miguu. Mwambie asimame, tutembee."

Wakatembea, yeye na Bibi, ukumbi wote na ngazi za ghorofa moja. Bibi alisimama mara mbili kutafuta pumzi na mara zote mbili alidai anatazama mandhari. Hospitali ile haikuwa na mandhari. Daktari aliandika vipimo vya moyo na dawa ya kuongeza damu, akasema aende nyumbani akafikiri.

Siku hiyo alasiri ndugu yake Bibi alikuja kutoka Qusais. Nilimwita Babu. Alikuwa mdogo kwa dada yake kwa miaka mitatu, mjane, fundi cherehani mstaafu aliyeshona kanzu na sare za shule maisha yake yote, na hata kwenye kiti cha sebuleni alikaa ameinama mbele kidogo kama kuna sindano inamsubiri. Alisikiliza habari ya matundu akatikisa kichwa.

"Dada, mie nimeshona miaka hamsini. Hakuna fundi anayetia bitana kwenye koti kwa kupitia tundu la kifungo."

"Na mto?" Bibi aliuliza. "Mto si unaushona ndani nje, halafu unaugeuza wote kwa kitundu cha vidole viwili?"

Babu alikunywa chai yake kwanza. "Mto hauna damu," alisema hatimaye, lakini tuliona ameshindwa.

Bibi hakuwa ameamua. Kesho yake, nikimkanda miguu, aliniuliza ghafla: "Wewe ungekuwa mie, ungefuata ipi?"

Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote Dubai. Baba yangu alifunguliwa tumbo katika hospitali ndogo kwetu, utumbo ulikuwa umeziba. Alikuwa na miaka sitini na nane. Nilikuwa nikimwosha na nikauona mshono ule kutoka kifuani hadi chini. Alikuwa hawezi kukohoa. Akiona kikohozi kinakuja alikuwa akinishika mkono na macho yake yanaomba msamaha, sijui wa nini. Siku ya nane kifua kilijaa akafa. Tangu hapo kila niliposikia mzee anapasuliwa tumbo nilihesabu ni kuagana.

"Kwa hiyo mimi si wa kuulizwa, Bibi," nilisema. "Mimi naogopa."

Akavuta mguu wake kutoka mikononi mwangu, akasogea, akapapasa nafasi kando yake kwenye kochi. Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye kochi lile. Nikakaa.

"Baba yako alikuwa na mtoto mwema," alisema. "Mie nitaingia kwa matundu. Yakishindikana, wafungue. Lakini nikikohoa utanishika."

Daktari alikuwa amesema jambo jingine: ndugu wa tumbo moja wapimwe. Babu alikataa. Hatokwi na damu, hana bawasiri, anakula kama kawaida, kwa nini atiwe kamera? Bibi alimwambia kwenye simu, kwa sauti niliyoisikia kutoka jikoni: "Basi na mie siendi. Tukae tuoze pamoja." Babu akapimwa wiki hiyohiyo.

Wakamkuta nayo. Yake ilikuwa upande wa kulia, kubwa kuliko ya dada yake, na ilikuwa imekaa kimya bila dalili yoyote.

Tulikuwa naye siku alipoambiwa. Daktari alimpapasa tumbo akaona kovu la zamani. Babu alieleza kwamba alipokuwa kijana Unguja kidole tumbo kilimpasukia ndani, akafunguliwa, akalala hospitali miezi. Daktari akasema basi kwake matundu hayafai. Tumbo lililowahi kuvurugika hivyo, nyama za ndani zimeshikamana, na uvimbe wenyewe ni mkubwa. Atafunguliwa tangu mwanzo.

"Si nilisema?" Babu alicheka. "Kushona ni kuona." Halafu akaomba maji, na nilipompa glasi ilimgonga meno. Nikaishika pamoja naye mpaka akamaliza.

Bibi alipasuliwa Jumapili, Babu Jumanne, hospitali moja, daktari mmoja. Jumapili ile daktari alikuwa amesema kazi ni ya saa tatu. Saa tatu zikapita, ya nne ikapita. Tulikaa na madam kwenye viti vya plastiki, yeye na tasbihi ya mama yake, mimi na Baba Yetu yangu moyoni, na nadhani sala zetu zilikutana mahali fulani kwenye dari. Saa ya tano ilipokaribia madam alinishika mkono. Madam hakuwa mtu wa kushika watu.

"Ungeniambia tangu siku ya kwanza," alisema. "Ile damu."

"Aliniapiza, madam."

"Najua. Na mimi huniapiza hivyohivyo," akasema, tukacheka kama wendawazimu, watu wakageuka.

Daktari alitoka na kofia yake ya kijani mkononi. Kona moja ya utumbo ilikuwa imejificha juu karibu na bandama, alisema, ikamchukua muda kuiteremsha. Lakini imeteremka. Hakuhitaji kufungua.

Bibi alipozinduka nilikuwa karibu. Alipapasa tumbo lake juu ya shuka, taratibu, kama anatafuta miwani. Kisha akakunja uso.

"Nimepasuliwa tumbo," alisema kwa sauti iliyokauka, "mbona naumwa bega?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe ni ile hewa waliyomjaza, nesi alieleza, inasumbua chini ya mbavu na maumivu yanatokea begani. Bibi alilalamikia bega siku mbili na tumbo karibu hakulitaja. Kesho yake asubuhi walimkalisha kwenye kiti, na mchana akatembea hatua kumi, mimi upande huu nimeshika mti wa dripu, nesi upande ule. Alikohoa mara moja. Nilimshika kwa nguvu zote. Alikohoa tu, akafuta mdomo, akaniuliza kama nimepanga kumvunja mbavu.

Sasa, mtu akikatwa utumbo, ulimwengu mzima unasubiri jambo moja: apitishe hewa. Ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka. Nesi mmoja Mfilipino alikuwa akiingia kila asubuhi, anainama kwenye sikio la Bibi, anauliza kwa upendo neno moja la Kiingereza.

"Anasema nini huyu?"

"Anauliza kama umetoa hewa, Bibi."

"Hewa gani?"

"Ya... ya chini."

Bibi alijifunika shuka usoni. Shuka likatikisika. "Miaka sabini na sita naificha," alisema kutoka humo ndani, "leo naombwa kama zawadi."

Jumanne alasiri akaitoa. Hakukuwa na shaka yoyote, hata mgonjwa wa kitanda cha pili alisema mashallah. Babu alikuwa ameshatoka chumba cha upasuaji, kazi ya saa mbili na nusu tu, na alikuwa amelala wodi ya wanaume, mwisho wa ukumbi uleule. Bibi aliniamuru: "Nenda kamwambie mdogo wangu nimeshatangulia."

Nikaenda. Babu alikuwa wa rangi ya nta, mto umebanwa tumboni kwa mikono miwili. Nilipomwambia, midomo yake ikaanza kucheza.

"Usinichekeshe," alinong'ona. "Nitafumuka."

Siku hizo ndipo nilipoiona tofauti ya michoro ile miwili. Dada mtu alikuwa anajikalia kitini na kukosoa supu. Ndugu mtu alikuwa akipewa dawa kali za maumivu, na hata kugeuka ubavu kulikuwa safari. Kila pumzi yake ilikuwa fupi, juu juu, kwa sababu pumzi ndefu iliuvuta mshono. Nilimjua mtu anayepumua vile. Nilikuwa nimemuuguza kwetu.

Alhamisi mtoto wake wa kiume, aliyekuwa akishinda naye pale, alinikuta ukumbini macho mekundu. "Hanijui," alisema. "Ananiita mteja."

Niliingia. Babu alikuwa amekaa nusu, anavuta shuka na kulipima kwa shubiri. Aliponiona alifurahi sana. "Umekuja. Lete mkasi. Hii kanzu ya bwana arusi na arusi kesho." Nesi alipotaka kumpima presha yeye alimshika mkono akampima urefu wa mkono wa shati, akatamka namba. Kisha akaishika mipira iliyoingia mwilini mwake, akiitafuta ncha yake kama uzi uliosokotana, na hapo manesi wakaanza kuzungumza juu ya kumfunga mikono.

Daktari alitueleza kwamba jambo hili huwapata wazee baada ya upasuaji mkubwa, dawa na maumivu na kulala vibaya, na kwamba kwa kawaida hupita. Kinachosaidia zaidi, alisema, ni miwani yake, mwanga wa dirisha, na sauti anayoijua.

Nilirudi wodi ya wanawake nikamwambia Bibi. Sikuwa nimemaliza alipokwisha kuteremsha miguu.

"Kanga yangu."

"Bibi, ni mbali. Ni ukumbi wote."

"Kanga yangu, nimesema."

Ilikuwa siku ya nne tangu apasuliwe. Aliufuata ukumbi ule wote kwa miguu yake, kanga kichwani, mkono mmoja kwenye mti wa dripu na mwingine begani kwangu, akisimama kila mlango. Safari hii hakudai anatazama mandhari. Alisema tu, "Ngoja," akapumua, tukaendelea. Nilikuwa nikihesabu milango. Ilikuwa kumi na moja.

Babu alikuwa bado anapambana na uzi wake. Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda, akamvisha miwani, akaishika mikono yake miwili akaiweka juu ya shuka. Akaanza kusema naye kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyembamba, ya msichana anayemgombeza mdogo wake.

"Wewe. Nguo yangu ya sikukuu iko wapi?"

Babu alimkazia macho. "Haijesha."

"Haijesha! Tangu lini? Na watoto wa jirani wameshavaa?"

"Pindo limebaki," alisema kwa hofu. "Pindo tu, dada."

"Basi liache. Utapiga pindo kesho. Sasa lala, mama akiona taa bado inawaka atatupiga sote."

Ilikuwa saa nane mchana na jua limejaa dirishani. Babu alilala. Bibi alikaa pale saa nzima akimshika mikono, na mtoto wa Babu akiwa amesimama ukutani akilia bila sauti, na manesi hawakumfunga mtu.

Alirudi taratibu, vipande vipande. Ijumaa alinijua mimi, Jumamosi alimjua mwanawe akaona haya. Lakini kifua kilikuwa kimeshajaa, kama nilivyoogopa. Walimpa dawa ya mshipani na kijidude cha plastiki chenye mipira mitatu ya kupandisha kwa kuvuta pumzi. Babu alipandisha mmoja akasema khalas, inatosha. Bibi aliruhusiwa kwenda nyumbani Jumamosi hiyo. Jumatatu alikuwa amesharudi, kwenye kiti cha wageni, na kijidude chake mwenyewe.

"Yalla, haya twende," alimwambia. "Mie nimepandisha mitatu. Wewe mwanamume?"

"Wewe una matundu," Babu alisema. "Mie nimechanwa toka kola mpaka pindo."

"Vuta!"

Alivuta. Nilimfundisha kukohoa amekumbatia mto, namna nesi alivyonionyesha, mkono wangu juu ya mikono yake. Siku ya nane tangu apasuliwe nilifika hospitali nikiwa nimevaa kanga ya Bibi kwa bahati mbaya, maana sikuwa nimelala wala sijui nilichovaa. Sikumwambia mtu kwa nini. Nilimkuta Babu amekaa kwenye kiti, anakula uji, amechukia kwamba hauna iliki. Nilitoka nje ya mlango nikainama, mikono magotini, mpaka nesi akaniuliza kama nataka maji.

Babu alikaa hospitali siku kumi na tisa.

Majibu ya maabara yalipokuja, ya Bibi yalikuwa safi. Ya Babu yalionyesha ugonjwa umegusa tezi moja ya karibu, ikabidi apewe dawa za dripu kwa miezi sita. Madam aliuliza kama angepasuliwa kwa matundu ingekuwa tofauti. Hapana, daktari alisema. Kilichoamua ni ugonjwa ulikuwa umefika wapi, na njia zote mbili, zikifanywa vizuri, hutoa kipande kilekile. Tofauti kubwa ipo wiki za kwanza. Na hata Bibi na matundu yake alikaa miezi miwili akichoka kwa kuvaa soksi, na choo kilikuwa na ratiba yake mwenyewe isiyomshauri mtu.

Baada ya mwaka ukiwaweka kwenye kochi moja usingejua nani aliingia wapi, isipokuwa Babu alikuwa na kivimbe katikati ya mshono, kama yai chini ya shuka, kilichotokeza akicheka. Daktari alikiita ngiri ya kovu akasema hakina haraka. Babu alitaka kukionyesha kwa kila mgeni.

"Mshono mzuri," alikuwa akisema, anafunua kanzu. "Lakini kitambaa chenyewe kimezeeka."

"Astaghfirullah, funika!" Bibi alikuwa akipiga kelele, kisha akimgeukia mgeni: "Yangu mie huwezi kuyaona hata ukitafuta."

Mwaka uliofuata waliamua kwenda Unguja pamoja, ndugu wawili, mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Tuliwapeleka uwanja wa ndege mimi na madam. Bibi alikuwa amesikia kwamba utumbo wake umeunganishwa ndani kwa pini ndogo za chuma, na wiki nzima alikuwa akiwatangazia majirani kwamba mashine ya uwanja wa ndege itampigia kelele. Alibeba barua ya daktari kwenye mkoba. Aliifanyia mazoezi sentensi yake ya Kiingereza.

Tuliwatazama kutoka nyuma ya kamba. Babu alipita, wakamrudisha kwa sababu ya mkanda, akauvua, na suruali aliyoishona zamani, kabla ya kupungua, ikamteleza akaidaka nusu ya njia. Bibi alisubiri zamu yake kwa heshima zote, barua mkononi. Akapita. Mashine ikanyamaza. Akasimama, akageuka, akairudia kupita tena, na yule askari akacheka akamwashiria aende.

Alitutafuta kwa macho kwenye umati. Alipotuona aliinua mikono yote miwili, barua juu, kuuliza sasa aifanyie nini. Madam alikuwa akicheka mpaka kajiegemeza kwangu. Nami nilimpungia tu, nikapiga kelele kwa Kiswahili changu cha Kitale, mbele ya watu wote: "Bibi, ndege iko ready! Enda!"

Nikaona midomo yake ikinisahihisha toka kule mbali.